Kujua Tangazo la Facebook Limeleta Wateja Wangapi

Mfanyabiashara wa Matungu anayelipia tangazo la Facebook huonyeshwa idadi ya watu waliolitazama na waliolibonyeza. Asichoonyeshwa ni kilichofuata. Je, waliobonyeza walifika kwenye tovuti yake wakaagiza kitu, au walichungulia tu wakaondoka? Pesa za tangazo hukatwa kwa vyovyote vile, na anayelipa shilingi 500 kwa siku bila kujua jibu huenda anawatangazia watu wasio na haja na bidhaa yake.

Jibu hutokana na kipande kifupi cha msimbo kinachowekwa kwenye tovuti. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook na Instagram, hukiita Meta Pixel. TikTok nayo ina chake. Mgeni anapofungua ukurasa, msimbo huo huiarifu Meta, nayo hulinganisha taarifa hiyo na watu walioonyeshwa tangazo. Kifaa chenyewe ni cha bure. Anayeuza kupitia ukurasa wa Facebook na WhatsApp pekee, bila tovuti, hakihitaji, na asikubali kuuziwa.

Tuseme seremala wa Koyonzo ana tovuti ya kuonyesha vitanda na makochi. Kwanza huingia katika akaunti yake ya biashara ya Meta, hufungua sehemu ya Events Manager na kuunda pikseli, ambayo hupewa nambari yake. Msimbo wake hubandikwa katika sehemu ya kichwa ya tovuti, mahali ambapo utasomwa na kila ukurasa, si ukurasa wa kwanza tu. Tovuti iliyotengenezwa kwa WordPress ina programu-jalizi za kufanya kazi hiyo, na nambari ya pikseli pekee ndiyo hujazwa. Atumie njia moja. Wanaobandika msimbo kwa mkono kisha wakaweka na programu-jalizi huhesabiwa kila mgeni mara mbili, wakafurahia wateja ambao hawapo.

Hatua inayofuata ni kuchagua matukio ya kuhesabu, na hapa maelekezo mengi yaliyoandikiwa nchi za nje hayafai sana. Huko mteja hulipa kwa kadi palepale kwenye tovuti, na tukio la Purchase hurekodi mauzo. Kwetu, mteja huona kitanda, hubonyeza kitufe cha WhatsApp au cha kupiga simu, huomba apunguziwe, kisha hulipa kwa M-Pesa. Pikseli haioni mazungumzo hayo wala malipo. Kwa hivyo seremala afunge tukio la Contact kwenye vitufe hivyo viwili, na aandike daftarini ni maulizo mangapi yaliishia kuwa mauzo. Tangazo la shilingi 3,000 likileta maulizo 20 na wanunuzi wanne, kila mnunuzi amegharimu shilingi 750. Kwa kitanda hiyo si hasara. Kwa mkate ni balaa.

Kabla ya kulipia tangazo, pikseli ijaribiwe kwa Meta Pixel Helper, kiendelezi cha bure cha kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta. Hata ikifanya kazi vizuri, hesabu yake haitakamilika. Tangu Aprili 2021 simu za iPhone humtaka mtumiaji aamue kama programu zinaweza kumfuatilia, na wengi hukataa.

Kosa linaloumiza zaidi halihusu msimbo. Fundi wa tovuti akiunda pikseli ndani ya akaunti yake mwenyewe, siku wakikosana au akihama, kumbukumbu zote hubaki kwake. Akaunti iwe ya mwenye biashara, naye fundi apewe ruhusa ya kuingia tu, ambayo inaweza kuondolewa.

Taarifa zinazokusanywa ni za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu. Tovuti imweleze mgeni kwamba anafuatiliwa kwa ajili ya matangazo na kwamba taarifa zake zinaenda kwa Meta nje ya nchi, na imwombe idhini kabla msimbo haujaanza kazi. Biashara yenye mapato yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini haijaondolewa wajibu wa kufuata sheria. Septemba 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake.

Wenye maduka ya dawa na zahanati wawe waangalifu zaidi. Ukurasa wa dawa za ugonjwa fulani ukifunguliwa, pikseli inaweza kufichua hali ya mgonjwa. Nchini Marekani, mwezi Februari 2023, kampuni ya GoodRx ilikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya kudaiwa kupeleka taarifa za afya za wateja kwa Facebook na Google. Kurasa kama hizo zisiwekewe pikseli kabisa.

Mkazi anayeona taarifa zake zimetumiwa bila idhini anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90.