Kilometa za mwisho za safari ya nyumbani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Singida hukata takriban kilometa 700. Akishaipita Dodoma hujihesabu amekaribia, na akifika Manyoni, pale njia ya Itigi na Tabora inapoachana na ile ya Singida, hujiona yuko mlangoni. Ilhali mbele yake zimebaki zaidi ya kilometa 100, kupitia Ikungi. Aendaye Shelui ana kazi zaidi: baada ya Singida mjini bado anausubiri mteremko wa Mlima Sekenke, anaoshuka pamoja na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo.

Hapo ndipo usingizi humshika dereva. Basi la masafa marefu hutakiwa kuwa na madereva wawili. Gari la familia mara nyingi lina baba peke yake, na nyuma yake mama na watoto wamekwisha kulala.

Wapo wanaojitetea kwa Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba safari ni sehemu ya adhabu, na kwamba aliyekwisha kutimiza haja yake aharakishe kurejea kwa watu wake. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini tuisome pamoja na mafundisho mengine ya Mtume (s.a.w.). Aliyekuwa mbali muda mrefu alikatazwa kuwagongea ahli zake usiku kwa ghafla. Na anayesinzia ndani ya sala aliamriwa alale kwanza, hadi usingizi umwondoke. Ikiwa katika sala, ambapo khofu ni kukosea maneno, tumeamriwa hivyo, itakuwaje kwa aliyeshika usukani na amana ya roho za watu?

Sheria yetu imeutambua uchovu wa msafiri. Imempa rukhsa ya kupunguza sala za rakaa nne na kukusanya sala mbili. Haifai kuipokea nafuu hiyo kisha tukaunyima mwili haki yake. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio au kunywa kahawa huchelewesha usingizi tu. Dawa yake ni kulala: Manyoni au Singida mjini, kisha kuondoka baada ya Alfajiri.

Nao walioko nyumbani wana wajibu wao. Simu ya “mmefika wapi?” kila nusu saa, na chakula kinachosubiri mezani, humsukuma dereva kukanyaga mafuta. Mzazi akisema mapema, “Wanangu, laleni huko, tutaonana asubuhi,” amemwondolea dereva mzigo mkubwa.

Mtume (s.a.w.) aliporejea safarini alianzia msikitini, akasali rakaa mbili. Nasi tufike kwa utulivu huo, tukiwa na nguvu ya kusimama na kumshukuru Allah.