Masizi au Ukoko? Hadubini Mpya na Istilahi ya Vichocheo

Katika kemia, kichocheo ni kitu kiharakishacho mmenyuko pasipo chenyewe kutumika. Miongoni mwa vichocheo vinavyotegemewa mno katika usafishaji wa mafuta ni zeolaiti, yaani fuwele za silikoni, alumini na oksijeni. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1756 na Msweden Axel Cronstedt kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe lichemkalo, kwani jiwe hilo lilipopashwa moto lilitoa mvuke. Umaalumu wake umo katika vinyweleo. Katika aina iitwayo ZSM-5, upana wa kinyweleo ni kama nusu ya nanometa, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli hupenya humo, hugeuzwa na vituo vya asidi, kisha hutoka.

Lakini si zote zitokazo. Baadhi huungana zikawa molekuli kubwa zenye kaboni nyingi, zikanasa humo humo na kuziba njia. Hapo kichocheo huchoka, na hakina budi kupitishiwa hewa ya moto ili uchafu huo uungue.

Uchafu huo uitweje kwa Kiswahili? Kiingereza huuita kwa jina la makaa ya mawe yaliyookwa. Aghalabu mfasiri atakimbilia neno masizi. Hata hivyo, masizi hutokana na moshi, na hushika nje ya chungu. Ukoko ni kitu kingine: huo hutokana na chakula chenyewe, nao hugandamana ndani. Kwa hiyo uchaguzi wa istilahi hapa si suala la ladha ya lugha tu. Kila neno lina dai lake juu ya mahali uchafu ulipo na asili yake, na dai hilo linaweza kupimwa.

Kipimo chake ni hadubini. Nayo ilikuwa na mpaka. Mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kwamba nukta mbili zilizokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la nuru, yaani kama nanometa 200, huonekana kuwa moja. Mpaka huo ulikuja kuvukwa kwa mbinu ambazo kwazo Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014.

Mojawapo ya mbinu hizo yaweza kufafanuliwa kwa mfano wa wavuvi wa usiku. Madau kumi yakiwasha karabai kwa pamoja mbali baharini, aliye pwani huona wekundu mmoja tu. Lakini kila dau likiwasha kwa zamu na kuzima, ataweza kuweka alama katikati ya kila mng'ao, na mwishowe atakuwa na ramani ya madau yote. Vivyo hivyo, molekuli zitoazo nuru huachwa ziwake chache chache, vitovu vyao hupimwa, na maelfu ya nukta hujumlishwa kuwa picha moja.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitumia njia ya namna hiyo kwa zeolaiti. Walichagua mmenyuko ambao mazao yake hutoa nuru, wakaunakili tukio kwa tukio, wakabaini kwamba utendaji haukuenea sawasawa katika fuwele. Kabla ya hapo, mwaka 2008, watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walikuwa wamefuatilia uchafu wenyewe kwa hadubini isiyovuka mpaka wa Abbe, kwa kuwa nao hutoa nuru. Katika ZSM-5 ulianzia pembezoni ukaenea kuelekea kati. Katika SAPO-34 ulibakia karibu na uso, lakini ndani ya fuwele.

Ni kweli kwamba hadubini hizo huona tu kile kitoacho nuru, na kinyweleo chenyewe bado ni chembamba mno kwazo. Hata hivyo ushahidi watosha kuamua suala la istilahi. Kufanana kwa sauti kati ya ukoko na neno la Kiingereza ni sadfa; sifa yake ni maana. Mwanafunzi aambiwaye masizi atafikiri kwamba kichocheo chahitaji kusuguliwa nje. Aambiwaye ukoko atauliza mara moja umeshika wapi ndani, na umeanza lini. Na hayo ndiyo maswali wanayouliza wanakemia.