Furaha, Raha na Kukinai: Suala la Istilahi katika Nadharia za Hisia

Mfasiri wa dodoso la saikolojia huvutwa kulitwika neno furaha mzigo wa maneno matatu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si la mtindo tu, bali laweza kuibatilisha nadharia inayochunguzwa.

Mabishano juu ya hisia ni ya kale. Mwaka 1884 William James alidai kwamba mabadiliko ya mwili hutangulia: hatutetemeki kwa kuwa tunaogopa, bali twaogopa kwa kuwa twatetemeka. Walter Cannon alimpinga mwaka 1927, akasema kuwa moyo huenda mbio katika hofu na katika ghadhabu vilevile, hivyo mwili pekee hautoshi kuzitenga. Mwaka 1962 Schachter na Singer walidai kuwa mwili huamka kwanza, kisha akili huyatazama mazingira ili ipate kukupa jina kuamka huko. Majaribio ya baadaye hayakuwaunga mkono kikamilifu, lakini suala la jina limebaki.

Kiswahili husema kuona haya na kuona wivu, lakini kushikwa na hasira na kuingiwa na hofu. Yupo atakayeshawishika kusema kuwa lugha yetu imeegemea upande wa James. Mimi sikubali, twasema pia kuona baridi, na sarufi si nadharia.

Lililo zito zaidi limo katika uchunguzi wa Brickman, Coates na Janoff-Bulman wa mwaka 1978. Waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya Illinois, wengine 22 wasioshinda, na 29 waliopooza kwa ajali. Waliwauliza juu ya hali yao kwa jumla, na pia juu ya ladha waipatayo katika mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifunguakinywa. Katika swali la kwanza washindi hawakuwazidi wasioshinda kwa kiasi cha maana. Katika la pili walipata ladha ndogo kuliko wao.

Tuyafasiri maswali yote mawili kwa neno furaha, na tofauti hiyo hutoweka. Furaha aghalabu ni ya tukio: mgeni amefika, mtoto amefaulu. Raha, ambayo asili yake katika Kiarabu ni pumziko, ni ya starehe; ndiyo maana raha huliwa, ilhali furaha hailiwi. Kuyatazama maisha yote na kuyakubali ni kuridhika, na mtu huweza kuridhika hata katika mwaka usio na furaha.

Kuna na neno la nne. Aliyekinai ametosheka, lakini aliyekinaishwa na chakula kitamu hakitamani tena. Brickman na wenzake walitaja sababu mbili: ushindi mkubwa huyafifisha madogo yakilinganishwa nao, na mazoea huufifisha ushindi wenyewe. Kukinai kwafaa kwa hiyo ya pili tu, na kwafaa barabara kuliko istilahi yoyote ya kubuni.

Napendekeza, basi, kuridhika na maisha kwa swali la jumla, na kuona raha kwa mambo ya kila siku. Dodoso lijaribiwe Lamu na Nakuru pia, kwani msemaji aliyejifunza Kiswahili shuleni huenda asiyatenge maneno haya kama ayatengavyo mzawa wa pwani.