Waya wa midi haubebi sauti

Ndugu msomaji, katika mazungumzo yetu ya redioni juma hili niliwageukia vijana wanaojijengea studio za kurekodia muziki nyumbani. Siku hizi studio si lazima iwe jumba. Chumba cha uani, godoro lililoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja, kinanda kimoja au viwili, na kazi inaanza. Ni jambo la kutia moyo. Lakini fedha za kununulia vifaa hivyo mara nyingi ni za kuungaunga, na inauma kuziona zikipotea kwa sababu tu ya waya uliochomekwa katika tundu lisilo lake.

Kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam alinunua mashine ya sauti iliyokwisha tumika, ile isiyo na vibonye, inayongoja kuamrishwa na kinanda. Fedha zilitoka katika upatu wa mama yake. Alipoiunganisha haikutoa hata mlio. Duka moja likamwambia imekufa, aiuze kwa bei ya kutupa. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maelewano kati yake na kinanda, na maelewano hayo ndiyo yanayoitwa midi.

Midi ni nini basi? Ni lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya elektroniki. Hapo awali kila kiwanda kilikuwa na lugha yake, na chombo cha kampuni moja hakikuelewana na cha kampuni nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith wa Marekani alipendekeza lugha moja kwa wote. Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani alikuwa mstari wa mbele kuwakutanisha wenye viwanda. Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya muziki huko Anaheim, California, kinanda cha Prophet-600 na cha Jupiter-6, vya makampuni mawili yanayoshindana, viliunganishwa kwa waya na vikaelewana. Lugha hiyo ilitolewa bure, kila kiwanda kiitumie. Mwaka 2013 wazee hao wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: waya wa midi haubebi sauti. Unabeba maagizo. Ukibonyeza kibonye, waya unapeleka habari kwamba nota fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Ukiachia, unapeleka habari kwamba imeachiwa. Ni kama karatasi ya mapishi: huwezi kushiba kwa kuisoma, lazima mpishi aivishe. Kwa hiyo kila chombo kinachotoa sauti kinahitaji pia waya wake wa sauti wa kwenda kwenye mikisa au spika. Wapo wanaofunga midi peke yake, kisha wanalaumu spika.

Jambo la pili ni matundu. Nyuma ya vyombo vingi utakuta matatu, yenye pini tano. Lililoandikwa IN ni sikio, linapokea. OUT ni mdomo, linatoa yale yanayochezwa na chombo chenyewe. THRU linarudia neno kwa neno yale yaliyoingia kwa IN, bila kuongeza la kwake. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaunganisha OUT ya kwanza na IN ya pili, kisha OUT ya pili na IN ya tatu, wakitegemea agizo la kwanza lifike mwisho. Kwa kawaida halifiki. Chombo cha pili kilipaswa kulipitisha kwa THRU.

Tuchukue studio ya kompyuta, kinanda, mashine ya ngoma na mashine ya sauti. Toka OUT ya kompyuta, ingia IN ya kinanda. THRU ya kinanda iende IN ya mashine ya ngoma, na THRU ya ngoma iende IN ya mashine ya sauti. Kisha OUT ya kinanda irudi IN ya kompyuta, ili unachocheza kirekodiwe. Usivuke vyombo vitatu au vinne katika mnyororo huo, maana umbo la mawimbi huharibika kidogo kila linapopita, na nota zikaanza kupotea au kukwama zikilia bila kukoma. Vikizidi, tumia kisanduku cha kugawia midi, kila chombo kipate waya wake. Waya mmoja usizidi mita 15.

Jambo la tatu ni chaneli. Sisi watu wa redio tunalielewa upesi. Vituo vingi hupita katika anga moja, lakini redio yako husikia kile ulichokitega. Waya mmoja wa midi una chaneli 16. Kinanda cha yule kijana kilikuwa kikisema katika chaneli ya 1, mashine yake ikisikiliza ya 3. Kubadili namba moja kuliokoa fedha za mama. Kwa ngoma, vyombo vingi hufuata desturi ya chaneli ya 10.

La nne, ukiona kila nota inalia mara mbili, kinanda kinajisikia chenyewe na tena kinasikia agizo linalorudi kutoka kwenye kompyuta. Tafuta neno LOCAL katika mipangilio yake, uweke OFF. Hapo vibonye vinatengana na sauti za ndani, na kompyuta inabaki kuwa msemaji pekee.

Vinanda vingi vya sasa vina tundu la USB badala ya pini tano. Ni rahisi kuvifunga kwenye kompyuta, lakini viwili vyenye USB tu kwa kawaida haviwezi kuzungumza vyenyewe. Panahitajika kompyuta au kifaa maalumu katikati. Na ingawa toleo la pili la midi lilitangazwa mwaka 2020, lile la 1983 bado linatumika. Ndiyo maana kinanda cha miaka 40 iliyopita bado kina kazi ya kufanya.

Kwa hiyo, vijana wangu, kabla ya kusema chombo kimekufa, ulizeni maswali manne: Waya wa sauti upo? Mdomo umeelekea sikio? Chaneli ni ileile? LOCAL imewekwaje? Kuuliza si ujinga. Tukutane juma lijalo.