MALARIA NA SAFARI ZA VAKANSI



Vakansi ziko karibu. Wengi wetu tutatoka huku Butembo na Lubero kushuka Kasindi au Kyavinyonge, na wengine watavuka mpaka kuenda kwa ndugu zao Kasese, Uganda. Wengine huuliza: tulilala chumba kimoja na binamu, imbu zikatuuma wote, juu ya nini mimi nilianguka na yeye hapana?

Jibu ni hili. Butembo iko karibu mita 1.700 juu, lakini Ziwa Edouard iko mita 912. Kijidudu cha malaria kinakomaa ndani ya mwili wa imbu. Mahali pa joto kinamaliza kwa siku kama 10 ao 12. Kwenye baridi kinakawia sana, na mara nyingi imbu inakufa mbele yake. Basi sisi wa milimani tunaumwa na imbu zenye ugonjwa mara chache, na mwili wetu haukuzoea. Binamu wa bondeni aliugua mara nyingi tangu utoto, damu yake imejifunza kupigana. Huko chini sisi tuko kama wageni wa Ulaya.

Tufanye nini?

1. Mbele ya safari, tuulize kituo cha afya. Dawa za kukinga ziko, kama doksisiklini: inamezwa kila siku, kuanzia siku 1 ao 2 mbele, mpaka majuma 4 kisha kurudi. Haifai kwa watoto wadogo wala mama mwenye mimba. Tusijinunulie sokoni.

2. Huko, tulale ndani ya chandarua chenye dawa, kisichotoboka. Imbu ya malaria inauma usiku. Magaribi tuvae mikono mirefu.

3. Kisha kurudi, tuangalie. Homa inaweza kuanza siku 7 kisha kuumwa, hata mwezi mzima. Utakuwa tayari darasani, na watu watasema ni mafua ya baridi. Usingoje. Uende siku ile ile wakupime damu, na umwambie munganga: «Nilitoka Kasindi.» Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha. Akikupa dawa ya siku 3, meza zote 3, hata kama homa imeisha.

Wakubwa, tuwasaidie wadogo wetu. Mungu atulinde, tuonane wote siku ya kufungua shule.

Sisi wa darasa la sita