Kristo Kaka Mhenga: Charles Nyamiti Akisomwa Rumonge (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu iliyopita tuliwaacha mapadri Wakatoliki Deniaud na Augier pamoja na mlei D'Hoop, waliouawa hapa Rumonge tarehe 4 Mei 1881, misheni yao haijatimiza hata miaka miwili. Kule Ujiji, Waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wamewatangulia, na kila upande ulimwona mwenzake mpinzani. Miaka 50 baada ya mauaji hayo, mwaka 1931, mwanateolojia Charles Nyamiti alizaliwa Ndala, Unyamwezi, nchi ambayo mapadri wale waliipita wakija Ziwa Tanganyika.

Kitabu chake cha 1984, Christ as Our Ancestor, kina swali ambalo bibi yeyote wa hapa angelijibu: mhenga ni nani? Si kila marehemu. Awe ndugu yenu. Awe karibu na Mungu, aghalabu kwa kufa. Mwenendo wake uigwe. Nanyi muwe na haki ya kusema naye. Nyamiti anasema Kristo anayatimiza masharti hayo yote, tena kama kaka aliyetangulia, kwa kuwa Baba ni mmoja.

Kitabu ni kizito, kinanuka seminari. Lakini neno hilo "kaka" lina kazi. Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiri kwamba Wakristo wengine waliobatizwa ipasavyo wana ushirika na Kanisa Katoliki, ingawa haujakamilika. Ndugu wenye kaka mhenga mmoja wanaweza kununiana, hata kunyimana salamu. Ukoo unabaki uleule.

Shida iko kwenye sharti la nne, la kusema na mhenga. Nilikuwa mazikoni karibu na mwalo, ndagala zimeanikwa mchangani ng'ambo ya njia. Katekista akaanza litania ya watakatifu, Wakatoliki wakaitikia "utuombee". Mlokole mmoja, sepetu mkononi, akanyamaza akitazama ziwa. Kwake, kusema na wafu ni kuita mizimu. John Mbiti, Mwanglikana wa Kitui aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1931 na baadaye kuongoza Taasisi ya Kiekumeni ya Bossey, alikataa mawasiliano hayo yaitwe ibada ya wahenga. Aliwaita wafu walio hai. Sidhani jina hilo lingemtuliza mwenye sepetu.

Kaburi lilipofukiwa aliombwa afunge kwa sala. Akaweka sepetu chini, akafumba macho, akasema na Yesu kwa muda mrefu, akimtaja kwa jina, akimweleza habari za marehemu, deni la nyavu aliloacha, na watoto wake watatu.