Usikifute kivuli kwenye picha

Jumapili ya leo nakualika twende kwa mawazo hadi jangwa la Namib, nchini Namibia, mahali panapoitwa Sossusvlei. Huko kuna vilima vya mchanga ambao ni mwekundu kwa sababu chembe zake zimebeba kutu ya chuma. Kimoja kati ya hivyo, ambacho watu wamekipa jina la Big Daddy, kina urefu wa zaidi ya mita 300. Mwaka 2013 Unesco iliiingiza bahari hiyo ya mchanga katika orodha ya urithi wa dunia.

Wapiga picha hutoka pande zote za dunia kwenda kuvipiga picha vilima hivyo, na karibu wote huamka usiku. Wanaolala ndani ya lango la hifadhi, pale Sesriem, huruhusiwa kuondoka mapema, jua likiwa bado halijachomoza, na mbele yao kuna mwendo wa kilomita 60 hivi. Wakifika hupanda mchangani na kamera begani, huisimika juu ya miguu yake mitatu, kisha hungoja.

Kwa nini wahangaike hivyo, wakati jua la mchana ni lile lile na nuru yake ni kali zaidi? Jibu lao huwashangaza wengi: wanatafuta kivuli. Jua likiwa la utosi, kilima kizima humulikwa sawasawa, na kwenye picha huonekana bapa kama shuka lililotandikwa kitandani. Jua la asubuhi huja chini chini, kutoka ubavuni. Upande mmoja wa kilima huwaka kama kaa la moto, upande wa pili hubaki gizani, na katikati hupita ukingo mwembamba unaopinda kutoka chini hadi kileleni. Hapo ndipo jicho linapotambua urefu wa kilima, mkunjo wake, hata viwimbi vidogo vilivyochorwa na upepo. Jua likipanda, kivuli hupungua, na uzuri ule hupungua pamoja nacho.

Ndugu yangu, tuilete picha hiyo kanisani kwetu. Ni mara ngapi tunataka ushuhuda wa saa sita mchana tu? Aliyepata kazi tunampa kipaza sauti. Aliyepona tunampigia makofi, na ni vema. Lakini mama aliyefiwa na mumewe miezi miwili iliyopita akiulizwa hali mlangoni mwa kanisa hujibu haraka, "Nimebarikiwa," kwa sababu anajua jibu jingine litamletea hotuba kuhusu imani haba. Kijana aliyemaliza chuo na kukaa miaka bila kazi naye hutabasamu na kupita. Kila mmoja anaonyesha upande wenye jua na kuuficha ule mwingine. Matokeo yake tunaimba pamoja miaka kumi bila kufahamiana, maana tumeonyeshana picha bapa.

Biblia haikupigwa picha ya namna hiyo. Zaburi nyingi ni vilio, na hakuna aliyezifuta. Bwana Yesu alilia penye kaburi la Lazaro (Yohana 11:35), ingawa alijua muda si mrefu atamwita atoke. Na alipofufuka hakuja na mwili usio na alama. Katika Yohana 20 anamwonyesha Tomaso mikono na ubavu wake, na kwa makovu yale Tomaso anamtambua Bwana wake. Makovu yalibaki kwenye picha ya ufufuo wenyewe.

Huenda wewe unayesoma leo uko upande wa kivuli, na hayo yote unayaona kama maneno tu. Basi turudi Sossusvlei. Karibu na kilima kile cha Big Daddy kuna bonde jeupe la udongo mkavu liitwalo Deadvlei. Zamani maji ya mto yalifika pale, miti jamii ya mgunga ikaota. Mchanga ukaziba njia ya maji, miti ikafa. Imesimama hivyo kwa mamia ya miaka, mikavu na myeusi, kwa kuwa hewa ya pale ni kavu mno hata haiozi.

Mwaka 2011 jarida la National Geographic lilichapisha picha ya bonde hilo iliyopigwa na Mholanzi Frans Lanting. Wengi walidhani ni mchoro wa rangi. Ilikuwa picha halisi, iliyopigwa alfajiri, katika dakika chache ambazo jua lilikuwa limekwisha kuuangaza mlima wa mchanga nyuma, huku bonde na miti yake vikiwa bado kivulini. Mti wa bondeni ulikuwa gizani, lakini asubuhi ilikuwa imeshafika.

Yohana anatuambia kwamba Maria Magdalene alikwenda kaburini kungali giza. Alilia sana. Lakini wakati analia, kaburi lilikuwa tayari tupu. Kristo alikuwa amefufuka kabla Maria hajajua, naye Bwana hakumkemea kwa machozi yake. Alimuuliza analilia nini, kisha akamwita kwa jina.

Kwa hiyo usilazimishe jua liwe utosini kwako. Mwambie Mungu ukweli wa bonde lako kama ulivyo, na uinue macho uone mlima ulioangaziwa nyuma yako. Anayemulika mlima ndiye Mungu wa bonde pia.

Na wewe uliye upande wenye jua, leo ukitoka ibadani muulize mtu mmoja habari zake. Jibu la kwanza litakuwa salamu. Usiondoke. Muulize tena, kwa upole, ungoje jibu la pili. Akilia, usimhubirie. Paulo anatuagiza katika Warumi 12:15 kufurahi na wenye furaha na kulia na wanaolia, na hayo yote mawili ni ibada.

Mungu akubariki. Jumapili njema.